Sura ya Saba: Wimbo wa Baada ya Kaburi

Jumamosi hiyo hata majirani waliokuwa hawasemezani na Mama Waceke walijileta. Ungebaki kwako ufanye nini? Harufu ya nyama ilikuwa imeruka ukuta tangu asubuhi, viti vya kanisa vilikuwa vimepangwa mpaka nje kwenye kokoto, na mtaa mzima wa Noonkopir ulikuwa umepata habari kwamba watu wa Bungoma wamekuja ruracio, wameleta mbuzi na kondoo wa kwanza, wamekuja kumwomba Waceke rasmi. Waceke yupi? Si ni yule wa kuimba. Yule wa sinema. Mwaka huo wa 2003 ukitaja Waceke pale Kitengela hukuulizwa mara mbili.

Mwenyewe alikuwa amefungiwa chumbani mpaka aitwe. Rafiki yake Dolphine alikuwa amepiga magoti mbele yake akimkaza leso, pini mdomoni.

"Amekuja?" Waceke akauliza.

"Nani?"

"Dolphine, usinicheze."

"Amekuja na suti. Mabega ya suti yalifika kwanza, yeye akafuata." Dolphine akatoa pini mdomoni. "Amekaa katikati ya mama yake na mjomba wake kama mtu ameshikwa na polisi. Kila mlango ukifunguka anaangalia. Akiona si wewe anarudi kuangalia viatu."

Waceke akasogeza pazia la mlango kwa kidole kimoja. Wanyama alikuwa pale kweli, karibu na meza, mikono mikubwa imelazwa juu ya magoti. Akainua uso. Hakutabasamu, alimwangalia tu, jinsi alivyomwangalia siku ya kwanza, na Waceke akasikia joto likimpanda shingoni kama ameinamia jiko.

Siku hiyo ya kwanza ilikuwa kwa hoteli moja ya nyama choma kando ya barabara ya Namanga. Wanyama, karani wa kiwanda cha saruji kule Athi River, alikuwa ameingia kula na kwenda zake. Akamkuta msichana mrefu amesimama kwenye kona, na nyuma yake Mzee Mburu akivuta ile kodiani yake aliyoichezea ngoma ya mwomboko tangu ujana. Lakini huo haukuwa mwomboko. Ulikuwa wimbo wa polepole, unakokota mguu kama mtu asiyetaka kufika anakoenda, na maneno yake hakuna mlaji hata mmoja aliyeyajua. Nyama ya Wanyama iliganda mafuta mbele yake. Watu walipotoka alimfuata.

"Unaimba lugha gani hiyo?"

"Ya Ajentina. Inaitwa tango."

"Na unasema nini?"

"Sijui maneno yote," Waceke alimjibu. "Najua tu inauma wapi."

Nyimbo hizo alizipata Kajiado mjini akiwa shule ya bweni. Padri mzee wa parokia, mzaliwa wa Ajentina, alikuwa na kaseti nyingi, na ukutani alikuwa ameweka picha ya mwanamke, pale ambapo mapadri wengine huweka picha ya Papa. Ofelia. Alianza kwa kuimbia mabaharia kwenye mikahawa ya bandarini. Watu wa filamu wakamwona, wakamchukua, na uso wake ukabandikwa kuta za mji mzima. Akikata nywele, wasichana wote wanakata. Halafu akaolewa na tajiri mwenye ng'ombe wengi, na padri aliapa kwamba Kajiado yote haina ng'ombe kama hao. Mume akafunga piano kwa kufuli, akampeleka mashambani. Huko Ofelia aliwaimbia ng'ombe. Alipokuja kurudi mjini, mume amekufa, wenye filamu walikuwa wamemsahau, na alifia chumba cha kupanga. Lakini siku ya mazishi watu walitoka majumbani, barabara ikafungika, na mji mzima ukamwimbia wimbo wake mwenyewe.

"Kwa nini hakumkatalia huyo mume?" Waceke mdogo aliuliza.

"Alimpenda," padri alisema. "Hapo ndipo pana shida, binti."

Na hadithi hiyo ndiyo Waceke aliyompa Githinji, mpiga video wa harusi aliyekuwa akitamani kutengeneza sinema yake. Githinji akaigeuza iwe ya huku, mabaharia wakawa madereva wa malori ya Namanga, na Waceke akawa Ofelia kuanzia mikahawani mpaka kaburini. CD zikauzwa mpaka Kona Baridi. Sasa hoteli moja kubwa ya Naivasha ilikuwa inamtaka aimbe kila wikendi, aanze mwezi unaofuata. Wanyama alikuwa ameambiwa. Alikuwa amesema, "Tutaona," na Waceke, kwa vile alimpenda, alikuwa amelisikia neno hilo kama ndiyo.

Kule sebuleni mambo yalikuwa yanaenda vizuri. Mzee Wahome, ndugu ya marehemu baba yake Waceke, ndiye aliyesema kwa niaba ya nyumba. Upande wa pili alisema Mzee Lazarus, mjomba wa Wanyama.

"Tumepotea njia," Mzee Lazarus alikuwa akisema. "Tumefuata ua moja zuri, tukajikuta kwa boma lako."

"Hapa maua ni mengi. Hata mimi niko hapa."

"Wewe ulishakauka, mzee. Tunataka linaloimba."

Watu wakacheka, wanawake wakapiga kigelegele. Hata Priscilla, mama yake Wanyama, ambaye alikuwa hajafungua kinywa tangu sala, aliachia meno kidogo.

Sasa ungefanyaje na wageni kabla chakula hakijaiva? Unawapa albamu ya picha. Na kama una deki, unawawekea video. Mama Waceke alikuwa na deki, na alikuwa na mtoto wa sinema. Akaifuta CD kwa kanga yake, akaiingiza, akasema kwa kiburi cha mzazi, "Mjionee msichana wenu akiwa kazini, mimi nikapakue."

Chumbani Waceke alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka sebuleni. Akasimama, leso ikamwanguka.

"Dolphine. Nani ameweka hiyo?"

"Si ni mama yako. Wacha waone wamepata nani."

"Nenda azime. Hujui iko na nini mwisho?"

"Iko na wewe ukilia."

"Iko na jeneza. Nenda."

Dolphine akaenda, lakini ukumbini watu walikuwa wamebanana hata sahani zilikuwa zinapitishwa juu ya vichwa. Alipofika mlangoni sinema ilikuwa imekwisha kufika pale. Waceke akiwa amelala ndani ya jeneza, pamba puani, mikono kifuani. Mfuniko ukafungwa. Kamba zikashikwa. Jeneza likateremka ndani ya udongo mweusi wa Kitengela.

"Simamisha hapo," Priscilla akasema.

Hakupaza sauti. Mtu akabonyeza, picha ikaganda.

"Hilo kaburi ni la kweli?"

"Ni la sinema, Mama Wanyama," Mama Waceke alijibu kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi. "Waliacha jeneza tupu wakaliteremsha. Mtoto alikuwa ametolewa, anakunywa soda kando."

"Sijauliza jeneza. Nimeuliza kaburi. Lilichimbwa?"

"Lilichimbwa."

"Na humo akazikwa nani?"

Wale majirani waliotoka magharibi waliangaliana, kwa maana swali walilielewa. Kwao kaburi likishachimbwa haliachwi na njaa. Kama maiti haikufika, huzikwa mgomba, utajiwe jina la mtu, ufukiwe kama mtu, shimo lishibe litulie. Lisiposhiba litamtafuta yule lililoonyeshwa.

"Mama, ilikuwa ni picha tu," Wanyama akasema chini chini.

"Wewe nyamaza. Wakati wa El Nino ndugu yako Masinde alibebwa na mto papa hapa, na mpaka leo sijaona hata kiatu. Mimi nimezika mgomba, Wanyama. Niliufunga shuka kwa hii mikono. Usinifundishe picha." Akamgeukia Mzee Wahome. "Mzee, msinione vibaya. Naomba msichana aitwe."

Waceke aliingia bila kuitwa, leso mkononi. Watu wakajibana kumpisha. Priscilla akamshika mkono, akaukalisha juu ya paja lake kama anaupima uzito.

"Mwanangu, hilo shimo walilifunika na nini?"

"Sijui, mama. Tulimaliza jioni, nikaenda nyumbani. Githinji alisema watarudi kulifunika."

"Kwa hivyo limekuwa wazi."

"Halikuwa wazi," Wanyama akasema.

Alikuwa amesimama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Mimi ndio nilichimba. Wale vijana wa machimbo ya mawe walikataa, walisema hawachimbi kaburi la mtu aliye hai. Githinji akawa anataka kuacha hiyo sehemu. Waceke alikuwa analia. Nikachukua jembe nikachimba." Akamgeukia mama yake. "Halafu sikulala. Juma zima nikifunga macho naona shimo. Nikaenda Kiserian, nikanunua mgomba, nikaomba pikapu. Nikauzika. Nilifanya kila kitu, mama, vile niliona mkimfanyia Masinde."

Waceke alimwangalia kama mtu mpya. Alijua kuhusu jembe. Mgomba hakuujua.

"Hukuniambia," akasema.

"Ungecheka."

"Singecheka."

Priscilla alikuwa amefumba macho, na mabega yalikuwa yameshuka. Hapo ndipo Mzee Lazarus alipoanza kucheka kwa nafuu, akamgonga Mzee Wahome gotini, na Mama Waceke akarudi hatua moja jikoni, na nyumba nzima ikaanza kupumua. Mambo yangeishia hapo. Mukimo ungeliwa, nyimbo zingeimbwa.

"Na jina," Priscilla akasema, macho bado yamefumbwa. "Ulitaja la nani?"

Wanyama akapangusa jasho.

"Nilitaja Waceke."

"Ungetaja yule mwingine," Dolphine akaropoka mlangoni. "Ofelia. Ndiye alikuwa anazikwa, ama?"

"Ofelia simjui. Nimesimama pale peke yangu na mgomba mbele yangu, mdomo ukasema jina lenye unalijua."

Sahani ikaanguka jikoni.

"Nani amezika mtoto wangu?" Mama Waceke alikuwa katikati ya chumba, mwiko umeinuliwa. "Mimi niko hai, nimemzaa, namlisha, halafu kijana anaenda porini kumzika kimya kimya kama paka?"

"Mama Waceke, keti," Mzee Wahome akasema.

"Siketi."

"Alikuwa anamwokoa," Priscilla akasema, na sasa alifungua macho. "Hebu tuelewane. Kijana hakukosea kwa ubaya. Lakini jina limeingia chini, halitoki. Waceke mmoja amezikwa. Ni yupi? Si huyu nimeshika mkono, huyu ana joto. Ni yule wa kwa jeneza, wa kupaka rangi na kuimba kwa mahoteli. Yeye ndiye alipelekwa pale, yeye ndiye amekaa pale." Akauminya mkono wa Waceke. "Huyu mzima tutampokea leo kwa furaha, na nitampenda, Mungu anaona. Yule wa kuimba asiamke. Akiamka, shimo litakuwa tupu tena. Mimi sina mtoto mwingine wa kupeana."

Na shida ni kwamba hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali Waceke angejua la kumjibu. Lakini macho ya mama huyo yalikuwa yamejaa maji, na kidole gumba chake kilikuwa kinampapasa kiganja polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto wa homa.

Wazee wakanong'onezana. Watu wa kando ya meza wakatafuta pa kuangalia. Mwishowe Mzee Wahome akaomba pembe ya kunywea. Ikaletwa, imejaa muratina ya asali iliyochachushwa kidogo tu kwa heshima ya wachungaji.

"Mtoto wa ndugu yangu," akasema. "Unajua desturi. Mimi siwezi kunywa kabla yako. Ukionja, tumekubali. Na umesikia mama amesema nini, sitaki kesho mtu aniambie hakusikia. Hii kitu, tukunywe?"

Waceke akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Akamgeukia Wanyama.

"Wewe unasemaje?"

"Niseme nini mbele ya wazee?"

"Sema kuhusu Naivasha. Ulisema tutaona. Umeona nini?"

"Waceke, ni kuimba tu. Si unaweza kuimba kwa nyumba? Si unaweza kuimba kanisani?"

Akaona ng'ombe. Usimcheke. Akaona ng'ombe wa yule mume wa Ofelia wamesimama gizani wakitafuna, masikio wameelekeza kwa mwanamke aliyevaa gauni la jukwaani, na hakuna hata mmoja anayejua kupiga makofi.

"Yule Waceke ulizika," akasema taratibu, "ndiye uliacha nyama ikaganda kwa ajili yake. Yuko mwingine ulipenda? Niambie tu. Kama yuko, nitakunywa."

Chumba chote kilimngoja Wanyama. Mama yake alimngoja. Akafungua mdomo, akamwangalia mama yake, akaangalia ile picha iliyoganda kwenye runinga. Halafu akarudi kuangalia viatu.

Waceke akamrudishia Mzee Wahome pembe, haijapungua hata tone.

"Baba, msikunywe."

Ruracio ikivunjika hakuna anayejua ashike nini. Wageni walitafuta makoti. Mama Waceke alilia akifungasha nyama kwenye karatasi, maana huwezi kumwachia mtu wa Bungoma aende na njaa, hata akiwa amekuvunjia nyumba. Priscilla aliipokea, wakashikana mikono hao mama wawili muda mrefu.

Nje Mzee Lazarus alikuwa akihangaika kuwarudisha mbuzi na kondoo kwenye pikapu. Mbuzi alipanda. Kondoo akakataa katakata. Jirani mmoja Mmaasai akamsalimu "Sopa, mzee," akamshika kondoo miguu ya nyuma, naye akamponyoka.

Wanyama alimkuta Waceke kando ya tangi la maji.

"Nilichimba hilo shimo kwa sababu yako."

"Najua."

"Nikabeba mgomba kutoka Kiserian kwa sababu yako. Watu wakinicheka njiani."

"Najua, Wanyama. Hakuna mtu amewahi kunifanyia kazi kubwa hivyo." Alitaka kumgusa lile bega la suti lililoanguka, alirudishe mahali pake. Akazuia mkono. "Ungenifanyia moja ndogo tu."

"Gani?"

"Pale ndani. Ungeinua kichwa."

Akakiinua sasa. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalikuwa mazuri vilevile, hilo ndilo lililouma.

"Ameshapoteza mmoja," akasema. "Mimi nikimkatalia, atabaki na nani?"

"Mpeleke nyumbani, basi."

"Na wewe?"

"Wanyama," Priscilla akaita kutoka kwenye pikapu. "Kuja umshike huyu kondoo."

Waceke akaingia ndani. Majirani walikuwa wamebaki wote. Mtu akishafika kwenye jambo kama hilo haondoki, na sufuria zilikuwa zimejaa. Walikuwa wameketi na sahani mapajani, hakuna anayekula. Kwenye runinga jeneza lilikuwa bado limening'inia kwenye kamba, nusu ndani, nusu nje. Dolphine akanyoosha mkono kuzima.

"Wacha," Waceke akasema. "Endeleza."

"Waceke, jameni."

"Endeleza tu. Hawakufika kwa wimbo."

Dolphine akabonyeza. Jeneza likashuka, udongo ukatupwa. Halafu kodiani ya Mzee Mburu ikavuta pumzi, ndefu, na sauti ya Waceke ikaanza, yenyewe, bila uso, juu ya picha ya uwanda mtupu na vumbi la malori. Ikatoka dirishani ikafika langoni. Waceke aliona, kupitia pazia, Wanyama akisimama ghafla na kondoo kifuani. Mama yake akasema kitu. Akasimama zaidi kidogo. Kisha akampandisha kondoo, akapanda na yeye, akakaa mgongo umeelekea nyumba, na suti ikampanda masikioni.

Mama Waceke alitoka jikoni akipangusa mikono. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kukaa chini ausikilize wimbo huo. Alikaa karibu na mtoto wake, mikono bado na maji.

"Sasa hii inasema nini, Waceke?"

"Sijui maneno yote, mama," Waceke akasema, na kule nje pikapu ikapanda lami.